Je, Mtoto Anayekojoa Kitandani Amekosa?



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya mambo makubwa: msamaha baada ya vita, uaminifu katika ndoa, subira ya watu wanaongoja kurudi kwao. Leo tunaomba ruhusa kuandika juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Ni mkojo wa usiku wa watoto wetu. Tafadhali msicheke, wala msifunge karatasi hii mkidhani ni habari ya akina mama peke yao. Ndani yake mna swali la haki, na sisi wenyewe tulilijibu vibaya.

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa zoni yetu alibisha mlangoni kwetu kabla hakujapambazuka. Alikuwa na mtoto wake wa kiume mwenye miaka tisa. Mtoto alikuwa ameloa mwili mzima, na si kwa mkojo tu. Baba yake alikuwa amemtoa nje usiku pamoja na mkeka wake, na mvua ikamkuta chini ya ukingo wa turubai. Alikuwa anatetemeka, haongei. Mama yake akatuuliza maswali mawili: "Mchungaji, mtoto huyu ana roho gani? Na kama hana roho, mbona hakomi?"

Tulimpa mtoto blanketi na chai. Lakini maswali yale hatukuwa na uso wa kuyajibu. Mwaka mmoja kabla ya siku ile, baba wa mtoto huyo alitujia na malalamiko hayohayo. Alisema mtoto anakojoa kila usiku, tena shuleni hatulii, akitumwa maji anarudi bila ndoo, akielezwa mambo matatu anakumbuka moja. Sisi tulimfungulia kitabu cha Mithali, tukamwonyesha habari ya fimbo, tukamwambia asimwonee mtoto huruma isiyo na faida. Tuliomba naye, akaenda zake. Basi usiku ule wa mvua ulikuwa pia tunda la mafundisho yetu. Ndiyo sababu tunaandika.

Swali ni hili: je, ni haki kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakulitaka? Na la pili, ambalo ni gumu zaidi: je, tufanye nini na jambo ambalo mtu amelitaka nusu, au ameshindwa kulizuia ingawa yuko macho?

Kwanza tujue jambo lenyewe

Katika Chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba kabla ya kuhukumu ni lazima kusikiliza. Basi tulikwenda kuwauliza wahudumu wa afya, tukasoma, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kuwa ni tatizo kabla mtoto hajafika miaka 5. Katika watoto 100 wenye miaka 5, wapatao 15 bado hukojoa. Wakifika miaka 7 wanabaki kati ya 5 na 10. Katika watu wazima hubaki mmoja au wawili katika 100. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kwa hiyo katika darasa lolote la watoto wadogo hapa kambini wapo kadhaa, na kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani.

Sababu zake ziko mwilini. Kuna homoni ambayo usiku huyaambia mafigo yapunguze kutengeneza mkojo, na kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa kufanya kazi yake sawasawa. Wengine wana kibofu kinachobana mapema kabla hakijajaa. Wengi wao wana usingizi ambao hausikii taarifa ya kibofu: kibofu kinapiga hodi, lakini nyumbani hakuna anayeitika. Tena choo kigumu kinaweza kusukuma kibofu na kuongeza tatizo, jambo ambalo wazazi wengi hatukulijua.

Pia tatizo hili linakwenda na ukoo. Ikiwa wazazi wote wawili walikojoa kitandani utotoni, watoto kama 77 katika 100 wataendelea kukojoa. Akiwa ni mzazi mmoja, ni kama 44. Wasipokuwepo hata mmoja, ni kama 15. Tafadhali zikumbukeni hesabu hizi, kwa maana tutazirudia mwishoni.

Kuna hesabu nyingine moja ambayo ilitunyenyekeza sana. Katika watoto 100 wanaokojoa, kila mwaka wapatao 15 huacha wenyewe, bila dawa, bila fimbo, bila lolote. Mwili umekomaa tu. Sasa fikirini. Mzazi aliyemchapa mtoto mwaka ule ambao angeacha mwenyewe atasema fimbo ndiyo iliyomponya. Aliyempeleka kwa mganga atasema ni dawa ya mganga. Na aliyemleta kwetu atatoa ushuhuda kanisani kwamba ni maombi ya mchungaji. Sisi tumewahi kushukuriwa hivyo mbele ya watu, tukapokea shukrani. Hatusemi kwamba Mungu hasikii maombi. Tunasema kwamba hatukuwa waaminifu, kwa sababu wale ambao hawakupona hatukuwahesabu.

Aliyelala si mtendaji

Wanafalsafa wa zamani waliliona jambo hili. Aristotle, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba sifa na lawama ni za yale mtu anayoyatenda kwa kutaka. Yale yanayompata kwa nguvu au kwa kutojua hustahili kusamehewa, na mara nyingine kuhurumiwa. Naye Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alijiuliza katika kitabu chake cha Maungamo kama mtu aliyelala ni yuleyule aliye macho, kwa kuwa katika ndoto hutokea mambo ambayo akiwa macho angeyakataa. Aliona kwamba kati ya usingizi na kuamka kuna tofauti kubwa, na kwamba mtu akiamka anaweza kurudi kwenye amani ya dhamiri, akijua kwamba lile lilitendeka ndani yake pasipo yeye kulitenda.

Lakini mahali palipotugusa zaidi ni Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, mstari wa 10 na 11. Hapo Musa anazungumza na watu wanaoishi kambini. Anasema juu ya mtu aliyepatwa na uchafu kwa jambo lililotokea usiku. Atafanyiwa nini? Atatoka nje ya kambi, jioni ataoga kwa maji, na jua likishakuchwa ataingia tena kambini. Basi. Pale hakuna fimbo. Hakuna sadaka ya dhambi. Hakuna anayeitwa mbele ya mkutano ili achekwe. Tunajua kwamba wafafanuzi wengi wanaelewa kuwa anazungumziwa mtu mzima na jambo jingine la usiku, wala si mkojo wa mtoto. Lakini kanuni ni moja: kilichompata mtu usingizini kinamchafua mwili, hakimfanyi kuwa mkosaji. Uchafu dawa yake ni maji. Na mwisho wa habari ni kurudi ndani.

Sisi tulifanya kinyume. Tulimtoa mtoto nje wala hatukumwandalia saa ya kurudi.

Tena tuseme juu ya neno uchawi, kwa maana mama yule aliuliza habari ya roho. Kwetu Kongo, hasa Kinshasa na miji mingine mikubwa, watetezi wa haki za watoto wameandika kwa miaka mingi jinsi watoto walivyofukuzwa majumbani wakiitwa wachawi, na kukojoa kitandani kumetajwa miongoni mwa zile zilizoitwa dalili. Wengine walifungiwa na kunyimwa chakula na watu waliojiita wachungaji. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, imefanya kumshitaki mtoto kwa uchawi kuwa kosa la jinai. Na hapa Tanzania, nchi iliyotupokea, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutendewa ukatili na adhabu za kumdhalilisha. Ni aibu kwetu watumishi kwamba serikali ilibidi iandike sheria kwa jambo ambalo kanisa lingepaswa kulikataa lenyewe.

Na yule asiyetulia mchana?

Hapa mzee mmoja wa kanisa alitupinga, naye alisema kwa hekima. Alisema: "Mchungaji, habari ya usiku nimekubali. Lakini huyu mtoto mchana yuko macho. Anasikia, anaona, anaruka kama mbuzi. Mkimwondolea fimbo ya mchana pia, mtalea nini? Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Hoja yake ina uzito. Mtoto asiyetulia hajalala. Anaonekana anataka. Hata madaktari walipoanza kuliandika jambo hili waliliona kwa jicho la maadili: mwaka 1902, huko London, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara juu ya watoto wenye akili nzuri ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia, naye akaliita tatizo lao upungufu wa kujitawala kimaadili. Imechukua miaka mingi kutenganisha kushindwa na kukataa.

Leo inajulikana kwamba wapo watoto, kama 5 katika 100, ambao umakini wao hutawanyika na mwili wao hautulii kupita kadiri ya umri wao, nyumbani na shuleni pia, kwa muda mrefu. Si utundu wa siku mbili. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliopima ubongo wa watoto kwa picha za mashine, ulionyesha kwamba kwa watoto hawa tabaka la nje la ubongo hukomaa kwa kuchelewa, kama miaka mitatu nyuma ya wenzao, na hasa katika sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia na kupanga. Njia ya kukomaa ni ileile, ila mwendo ni wa polepole. Yaani mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa na miguu ya miaka tisa na breki za miaka sita.

Tena matatizo haya mawili hupenda kutembea pamoja. Watoto wenye tatizo la umakini hukojoa kitandani mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na wakiwa nayo yote mawili huchelewa zaidi kupata nafuu. Kwa hiyo mtoto yule wa zoni yetu hakuwa na makosa mawili. Alikuwa na mizigo miwili.

Basi tulimjibu mzee hivi. Kwa mambo ya usiku tunauliza, "Je, alitaka?" Jibu ni hapana, na shauri limekwisha. Kwa mambo ya mchana swali hilo halitoshi. Inatupasa kuuliza, "Je, anaweza? Na kama anaweza, ni kwa msaada gani?" Katika mfano wa talanta, yule bwana aliwapa watumwa kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akawadai kwa kadiri hiyo. Hakumdai wa talanta mbili faida ya talanta tano. Mtoto asiyetulia anadaiwa, ndiyo. Hatumwondolei daraka lake. Anadaiwa kusema kweli, kutowapiga wenzake, kurudisha ndoo. Lakini anadaiwa kwa kadiri yake: agizo moja kwa wakati mmoja badala ya matatu, kuketi mbele karibu na mwalimu, kutumwa kufuta ubao ili miguu ipate kazi, kusifiwa papo hapo anapomaliza, wala si mwisho wa mwezi.

Fimbo, hata kwa wale wanaoitetea, inadai kufundisha utashi. Lakini kama kilichopungua si utashi bali nguvu ya kuutekeleza, fimbo inafundisha nini? Inafundisha hofu, na kuficha. Mtoto huficha shuka lililolowa chini ya kuni. Huficha daftari. Mwisho hujificha mwenyewe. Mtoto yule, tulikuja kujua baadaye, alikuwa ameanza kulala usiku mwingine karibu na soko, pamoja na vijana wakubwa. Hatari ya pale kila mzazi anaijua. Mzee wetu aliposikia hilo alinyamaza, kisha akasema, "Hapo nimeelewa."

Moyo unaopokea kwa nguvu

Kuna jambo la tatu, nalo ni hisia. Huko Homburg, Ujerumani, daktari wa akili za watoto Alexander von Gontard na wenzake walichunguza kwa miaka mingi watoto wanaokojoa pamoja na tabia na hisia zao. Walipima hata umeme wa ubongo wakati mtoto anapokutana na mambo yenye kugusa hisia. Fundisho moja kubwa la kazi hiyo ni kwamba watoto hawa si kundi moja. Wengi wanaokojoa tu, tangu utotoni, hawana ugonjwa wowote wa moyo wala wa akili. Lakini wale wenye kukojoa pamoja na tatizo la umakini ni kundi la pekee, na wanahitaji kuangaliwa kwa yote mawili.

Kila mzazi mwenye mtoto asiyetulia ameona jambo hili bila mashine. Mtoto huyu akifurahi, anafurahi mpaka anavunja kitu. Akikasirika, ni moto wa nyasi. Akikaripiwa kidogo, analia kama aliyefiwa. Tunadhani anaigiza. Kumbe zile breki zilizochelewa ndizo pia zinazotuliza hisia. Neno ambalo kwa ndugu yake ni karipio, kwake ni pigo. Basi mtoto ambaye tunampiga zaidi kuliko wote ndiye huyo ambaye pigo linamwingia zaidi kuliko wote. Tulipolitambua hilo hatukulala vizuri.

Hata hivyo tujihadhari na kosa la upande wa pili. Hapa kambini imekuwa desturi kusema kila tatizo la mtoto limetokana na vita. Si kweli. Mtoto ambaye hajawahi kukauka tangu azaliwe mara nyingi ana mwili unaochelewa tu. Lakini mtoto aliyekuwa amekauka kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena, huyo tumwulize kwa upole kilichotokea. Labda amefiwa, labda wazazi wametengana, labda ameona mambo njiani, kama watoto wa familia zilizovuka ziwa mwaka 2023. Labda yupo mtu anayemwumiza kwa siri. Au labda ni ugonjwa, kama vile kisukari au maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR walitoa mwongozo kwa wahudumu wa afya juu ya shida zinazotokana na msongo mkubwa, na kukojoa kitandani kwa watoto kumo ndani yake. Wahudumu wanaelekezwa kuwaeleza wazazi kwamba mtoto hafanyi kusudi, na kwamba asiadhibiwe.

Hasira yetu ni ya nani?

Tusiwahukumu wazazi. Tunajua maisha ya hapa. Blanketi ni moja kwa watu watatu. Sabuni ya mgao haifiki mwisho wa mwezi. Maji ya bomba ni ya foleni. Kuta ni nyembamba, jirani anasikia na kunusa kila kitu. Na watoto wa jirani wanao wimbo wao wa kumcheka kikojozi. Mama anayefua kila asubuhi kwa mikono iliyochoka ana haki ya kuchoka.

Lakini tujiulize kwa unyofu: hasira ile ni ya nani? Wengine tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukiwa vijana wadogo, tukaacha mashamba, makaburi na majina yetu. Waliotufukuza hatuwezi kuwagusa. Wanaopunguza mgao hatuwajui hata sura. Mvua haisikii. Aliye karibu, aliye mdogo, asiyeweza kurudisha pigo, ni mtoto mwenye mkeka uliolowa. Tunamchapa kwa mkojo wake, na ndani ya fimbo ile tumeweka yote mengine. Hiyo si adhabu tena, kwa maana adhabu ina kosa lake na kipimo chake. Hiyo ni dhuluma ya mtu aliyedhulumiwa. Augustino anasimulia kwamba alipokuwa mtoto aliomba Mungu asichapwe shuleni, na watu wazima, hata wazazi wake, walikuwa wakimcheka. Alizeeka, akawa askofu, na bado aliyakumbuka. Mtoto hasahau kicheko cha mtu mzima.

Tufanye nini?

Tulikusanya mashauri ya wahudumu wa afya na ya akina mama wenye uzoefu. Mtoto anywe maji ya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala. Aende haja kabla ya kulala. Kwa kuwa watoto wengi wanaogopa kutoka gizani kwenda chooni, nao wana sababu, awekewe kopo au ndoo ndani. Kipande cha turubai kiwekwe chini ya mkeka au godoro. Asubuhi aoge mapema, kabla ya shule, ili wenzake wasimnuse. Anaweza kusaidia kufua, kama msaada wa nyumbani, wala si kama adhabu mbele ya watu. Asifiwe kwa aliyoyaweza, kama kwenda haja kabla ya kulala. Asipewe zawadi kwa usiku mkavu, kwa maana usiku mkavu hauko mikononi mwake. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, akiumia akikojoa, akipata homa, au akilowa mchana pia, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Na walimu wetu tunawaomba: mtoto akiomba ruhusa ya kwenda chooni, mpeni.

Maombi tusiyaache. Lakini tumwombee mtoto jinsi tunavyomwombea mwenye homa, si jinsi tunavyokemea pepo. Maombi yanayomtia mtoto aibu mbele ya kusanyiko ni fimbo nyingine yenye jina zuri.

Mwisho wa habari

Siku ile jioni tulikwenda kwa baba wa mtoto, pamoja na mzee yule wa kanisa. Tulianza kwa kuungama: kwamba ushauri wetu wa mwaka uliopita ulikuwa mbaya, na kwamba tulitumia Neno bila kumsikiliza mtoto. Baba alikaa kimya, akiangalia chini. Ndipo mama yake mzazi, bibi wa mtoto, aliyekuwa ameketi karibu na jiko akichambua maharage, akasema bila kuinua kichwa: "Huyu anampiga mtoto kwa mkojo wake mwenyewe. Wewe ulikauka lini? Si ulikuwa umeshaanza kwenda kuvua na baba yako?"

Hakuna aliyecheka. Baba alikaa kwa muda, kisha akasema polepole kwamba yeye pia alichapwa, kila asubuhi, na alikuwa amejiapiza kwamba mwanawe hatakuwa kama yeye. Hapo tulielewa kwamba hakumchukia mtoto. Alikuwa anapigana na utoto wake mwenyewe. Zile hesabu za ukoo tulizozitaja juu tuliziona siku ile kwa macho, katika chumba kimoja, vizazi viwili. Akaondoka, akaenda nje, akauingiza mkeka ndani.

Hatutawadanganya kwamba mtoto amepona. Hadi tunapoandika bado analowa, usiku mwingine ndiyo, mwingine hapana. Shuleni mwalimu wake amemweka mbele, na amekuwa mfuta ubao. Kule sokoni halali tena.

Nasi tulimwomba mtoto msamaha. Si desturi yetu, mchungaji kumwomba msamaha mtoto wa miaka tisa, na wengine walituambia tumejishusha. Alitusikiliza, akafikiri, akauliza: "Mchungaji, hata leo usiku nikilowa tena?"

Tukamjibu: "Hata leo usiku."

Wapendwa, jibu hilo ndilo tunalowaomba mlipeleke majumbani mwenu.